Kitanda cha Anayecheka

Breki alikuwa anacheka, na hilo ndilo lililomkosesha daktari raha.

Alikuwa amekaa kitandani miguu ikining'inia, mrija wa oksijeni puani, anamsimulia mgonjwa wa kitanda cha pili habari za mwanafunzi wake aliyeingiza gari ndani ya duka la nguo, akatoka kinyumenyume na gauni limetanda juu ya kioo. Alikuwa mwalimu wa udereva. Jina la Breki alipewa na wanafunzi, kwa sababu ndilo neno alilolitamka kuliko hata jina la mkewe. Daktari, mwanamke aliyefunikwa barakoa na miwani ya plastiki mpaka usingejua kama ni binti au mtu mzima, alisimama miguuni pa kitanda akimtazama kifua. Kifua kilikwenda mbio kuliko hadithi. Kila baada ya maneno matatu, manne, Breki alikatiza, akavuta hewa, akaendelea kana kwamba hakukatiza.

"Unajisikiaje, Mwalimu?"

"Kama gari jipya, daktari. Bado... plastiki tu kwenye viti."

"Hewa inatosha?"

"Inatosha na chenji... inabaki."

Daktari alitazama kidude cha kupimia oksijeni kilichombana kidole. Namba haikuwa na utani. Akaongeza oksijeni, akasubiri. Namba ikapanda kidogo kama mtu mvivu anayeinuliwa kitini, kisha ikarudi kukaa.

"Mimi nipo tu," Breki alisema. "Mwangalieni mama yangu huko wodi ya wanawake. Yule ndiye mgonjwa. Mimi nilikuja... kumshikia mkoba."

Na kweli ndivyo walivyoingia hospitali: mama amebebwa na watu wawili, macho yanamzunguka, anaita majina ya watu waliokwisha kufa, mwanawe nyuma, anatembea kwa miguu yake, mkoba wa mama begani. Ungewaona usingeuliza nani mgonjwa na nani msindikizaji.

Daktari alitoka wodini akaagiza aitiwe ndugu wa Mwalimu.

Ndugu walisubiri nje, chini ya bati lililoegemezwa kwenye ukuta wa hospitali. Kulikuwa na mabenchi yaliyopigwa alama ya mkasi, kiti ukae, kiti uruke. Mke wa Breki hakukalia hata kimoja. Alikuwa msusi, mtu aliyezoea kusimama, lakini kusimama kwa siku ile hakukuwa kwa kazi. Alikwenda mpaka getini, akarudi mpaka kwenye bomba la maji, akanawa mikono isiyo na uchafu, akaenda tena getini.

"Mama, nimekwambia watu wa korona mkae upande ule!" mlinzi alimfokea, akampulizia dawa viatuni kama anayefukuza mende.

"Nimesikia, baba."

"Umesikia, mbona unatembea?"

Aligeuka akarudi kwenye bomba. Watu waliokuja kumwona mjamzito wao walivuta vitambaa puani wakasogea. Alijifanya hakuona.

Wifi yake alifika akitweta. Huyu ndiye dada mkubwa wa Breki, na mjini alijulikana kwa jina la Bosi, maana aliuza vipuri vya magari miongoni mwa wanaume, na hakuna mwanaume aliyewahi kumpunja. Alisimama mbali kidogo, barakoa ikiwa chini ya kidevu, akaipandisha.

"Mama?"

"Bado anaweweseka. Homa haijashuka."

"Na yule mchekeshaji?"

"Nimeongea naye sasa hivi. Ameniuliza kama nimesuka mtu leo."

Bosi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepata mahali pa kutua mzigo. "Huyo hana neno. Tumwombee mama."

Hapo nesi akachungulia dirishani. "Ndugu wa Mwalimu wa udereva!"

Walikwenda wote wawili. Daktari alikuja upande wa pili wa dirisha lenye nondo, akasimama hatua kadhaa nyuma. Ilibidi apaze sauti, na waliokuwa kwenye mabenchi wote wakanyamaza ili wasikie vizuri.

"Chumba cha uangalizi maalumu kimepata kitanda kimoja," alisema. "Kina oksijeni ya nguvu na mashine ya kupumulia iko jirani. Nataka kumhamishia Mwalimu. Amekataa."

Msusi alidhani hakusikia. "Mwalimu? Au mama yake?"

"Mwalimu."

"Daktari," Bosi alidakia, "umechanganya majalada. Mama ndiye hajitambui. Mdogo wangu huyu anakula, anaongea, anachekesha watu."

"Sijachanganya. Anaongea, lakini oksijeni kwenye damu yake iko chini sana. Ugonjwa huu una hila hiyo. Mtu anaishiwa hewa na mwili haumpigii kelele. Tumempima damu jana na leo. Askari wa mwili wanapungua, uvimbe unapanda, na damu inaonyesha dalili za kuganda. Picha ya mapafu ina ukungu pande zote mbili. Nikiweka vyote hivyo pamoja, naona atazidiwa, tena karibuni."

"Unaona, au unajua?"

"Nakadiria. Katika watu kumi wenye majibu kama yake, saba hushindwa kupumua wenyewe."

"Na hao watatu?"

"Hao hubaki kama ulivyosema. Wanakula, wanaongea."

"Basi mdogo wangu ni wa hao watatu," Bosi alisema, kama anayefunga biashara.

Daktari hakukasirika. Alikuwa amechoka mno kukasirika. "Natamani iwe hivyo. Lakini nikisubiri nione, nikaona ni wa wale saba, kitanda kitakuwa kimekwisha pata mtu. Nina wengine wanaokihitaji."

"Na mama?" msusi aliuliza.

"Mama ana homa kali, na umri wake unampinga. Lakini damu yake imetulia, na kwa oksijeni kidogo tu anashikilia vizuri. Kuweweseka ni kwa homa. Kwa makadirio yangu, yeye atavuka hapo hapo alipo."

"Makadirio," Bosi alirudia. "Mimi nauza vipuri, daktari. Gari likija linanguruma, naweza kukwambia kitakachokatika. Lakini sing'oi injini ya gari linalotembea nikaliacha lililozimika barabarani!"

Kwenye mabenchi mtu akaguna kuunga mkono. Msusi aliona aibu, na hakujua anamwonea aibu nani.

"Nipe nafasi niongee na mume wangu," alisema.

"Ongea naye haraka," daktari alisema. "Siwezi kumburuta mtu mwenye akili zake."

"Nimpokonye mama yangu kitanda?" Breki alisema kwenye simu. "Wewe, mke wangu... unanijua mimi?"

"Hajapangiwa mama. Daktari anasema ni chako."

"Daktari hajawahi... kunyonya kwa mama yangu." Akavuta hewa. "Mwambie ampeleke yeye. Mimi nina... nguvu."

Msusi alikuwa amejibana pembeni ya ukuta, kidole sikioni. Zamani alipokuwa akijifunza kazi, mwalimu wake alimwambia asiangalie uso wa mteja kwenye kioo, aangalie mabega, kwa sababu uso unaweza kusema hauumii huku mabega yanapanda. Sasa hakuona uso wala mabega. Aliacha kusikiliza maneno ya mumewe, akasikiliza vituo vilivyokuwa katikati ya maneno. Vilikuwa virefu kuliko vya asubuhi.

"Niimbie," alisema ghafla.

"Nini?"

"Ule wimbo unaonikera ukiwa unaoga. Niimbie ubeti mmoja, nitamwambia daktari akuache."

Breki akacheka, akaanza. Hakumaliza mstari. Kikohozi kilimpanda, kikashuka, kikapanda tena, na kilipomwachia hakuwa na sauti, alikuwa na mluzi mwembamba.

"Umeona?" mkewe alisema, machozi yakimbana.

"Ni kikohozi tu," Breki alinong'ona. "Siendi. Yule akifa... kwa ajili yangu, nitaishi vipi?" Akakata simu.

Bosi alikuwa amesimama nyuma yake muda wote. "Amesemaje?"

"Amekataa."

"Amefanya la maana. Ndiye mtoto wa mama yake."

"Wifi, hapumui!"

"Mama naye anapumua?" Bosi alimsogelea mpaka mlinzi akapiga kelele waachane. "Sikiliza. Mume ni mume, najua. Ungekuwa wewe kule ndani, ningekuelewa. Lakini usije ukasimama mbele ya dirisha lile ukamtoa mama yangu kafara kwa sababu ya hesabu za damu."

Msusi alitamani kumjibu, lakini lilikuwa kweli: tangu daktari atamke "kitanda kimoja" hakuwa amemfikiria mkwewe hata mara moja, ila kama kizuizi. Yule mama ambaye alimlelea watoto wakati akihangaika kufungua saluni, aliyemfundisha kutomjibu mlevi, aliyekuwa akisema mbele za watu, "Huyu si mkamwana, huyu nimemzaa kwa miguu, nilipokwenda kumposa." Msusi aliinamisha kichwa. Kisha akaenda tena dirishani, akamwita nesi.

"Dada yangu, nisaidie. Mama amezinduka? Naomba aulizwe yeye."

Homa ilikuwa imemwachia mama kidogo. Nesi alimkuta anavuta shuka, anauliza nani amemvua kitambaa chake cha kichwa. Alipiga magoti kando yake akamweleza polepole. Alitarajia bibi alie, au asielewe.

"Mwanangu anaongea?" mama aliuliza.

"Anaongea sana, bibi."

"Anachekesha watu?"

"Mpaka wenzake wanalalamika mbavu zinawauma."

Mama alifumba macho. Nesi akadhani amepitiwa na usingizi.

"Basi huyo anaumwa," alisema. "Alipokuwa mdogo alivunjika mkono, akaja kuniigizia alivyoanguka. Nikacheka naye, kumbe mfupa umetokeza. Huyo akinuna mwache. Akichekesha watu, mkimbizeni. Nipigie simu yake."

Nesi alishika simu karibu na mdomo wa mama, sauti ikiwa wazi.

"Mama!" Breki aliruka. "Umeamka? Wamekupa chakula? Mimi huku nimekuwa... mfalme, naletewa..."

"Hama."

"Mama, kitanda ni kimoja."

"Na mama ni mmoja. Hama."

"Mama, nisikilize..."

"Nimekuuliza?" Alikohoa, akapumzika, akarudi. "Mimi nitakaa hapa na huyu binti anifunge kitambaa changu. Wewe nenda wanakokuambia. Usinifanye niongee sana, nimechoka."

 Huko wodi ya wanaume, mgonjwa wa kitanda cha pili alimwona Breki akitazama ukuta, na utani wote umemtoka usoni kama maji kwenye beseni lililotoboka. Bila utani ule alionekana alivyo: midomo ya rangi ya majivu, mishipa ya shingo imesimama.

"Sawa, mama," alisema.

Walimhamisha jioni ile ile. Msusi alipofika asubuhi, daktari alimwambia kuwa mumewe yuko kwenye mashine, amelazwa usingizi kwa dawa. Hali ilibadilika ghafla, na kwa kuwa alikuwa karibu, waliwahi.

"Na kama angebaki wodini, angepona?" msusi aliuliza.

Daktari alitikisa kichwa tu.

Bosi alisikia, akageuka akaenda kusimama peke yake karibu na bomba. Hakuomba radhi, na msusi hakumdai. Kwa mtu kama Bosi, kunyamaza kulikuwa gharama tosha.

Siku zilizofuata zilikuwa za kwenda na kurudi. Nyumbani, jirani alimrudishia msusi sufuria yake kwa kuisukuma kizingitini kwa mguu, kisha akasema kwa sauti tamu, "Pole jamani, tuko pamoja." Saluni hakukanyaga mteja. Mmoja aliyekuwa amesukwa nusu kabla ya balaa alionekana barabarani na kofia, akavuka upande wa pili. Watoto walikuwa kwa bibi yao mwingine. Walipopiga simu, msusi aliwaambia baba amelala. Usiku hakulala, mchana hakukaa. Alikunja nguo zilizokwisha kunjwa.

Kilichompa nguvu kilikuwa mama. Mama alikuwa anapona waziwazi. Homa ilishuka, akawatambua watu, akalalamikia supu kwamba imepikwa na mtu asiyependwa kwao. Aliomba chanuo. Bosi alikwenda dukani mwenyewe, akarudi na machanuo matatu ili mama achague, akamkabidhi nesi kama anayekabidhi dhahabu.

"Daktari wako anajua kazi," Bosi alimwambia wifi yake, akitazama pembeni. "Wote wawili amewasoma."

"Daktari wangu?"

"Basi wetu."

Ndipo asubuhi moja walipoitwa dirishani, Bosi alitangulia, mkononi ameshika mafuta ya nywele ambayo mama aliyaagiza. Daktari hakuwa nyuma ya nondo. Alitoka nje kwa mlango wa pembeni, akasimama mbele yao, akavua ile miwani ya plastiki. Kwa mara ya kwanza waliona macho yake. Alikuwa binti mdogo, na macho yalikuwa mekundu.

"Mama alikuwa ameketi," alisema. "Anachana nywele. Akasema kifua kinambana, na kabla hatujafanya lolote... Ni damu iliyoganda, ikaziba kwenye mapafu. Tulijitahidi."

Msusi alishika ukuta. Bosi hakushika kitu.

"Ulisema atavuka," Bosi alisema.

"Nilisema."

"Mbele ya watu wote hawa ulisema."

"Nilisema, na nilikosea. Majibu yake yalikuwa mazuri mpaka jana. Sikuliona hili likija."

"Nikuulize." Sauti ya Bosi ilikuwa ya chini, ya dukani, ile ya kuulizia bei ya mwisho. "Usinipe maneno ya kunituliza. Kama angekuwa kwenye kitanda kile, mashine ziko jirani, anatazamwa kila saa. Angepona?"

Daktari angeweza kusema hapana. Msusi aliyaona maneno hayo yakimjia mdomoni, rahisi, tayari, na akaomba moyoni ayaseme.

"Sijui," daktari alisema. "Pengine wangewahi. Pengine isingesaidia kitu. Sijui, dada yangu, na sitakudanganya."

 Bosi akamgeukia wifi yake. "Ulimchagua mumeo," alisema. Hakupiga kelele. Akaweka chupa ya mafuta juu ya benchi, penye alama ya mkasi, akaondoka.

Mama alizikwa na watu waliovaa mavazi meupe kama wanaonyunyizia dawa shamba. Ndugu waliruhusiwa kusimama mbali. Wanawake wale wawili walisimama mbali pia wao kwa wao, na kati yao palitosha kupita gari.

Breki alizinduka. Walimtoa kwenye mashine, wakamrudisha wodi ya kawaida, mwembamba, sauti imekwaruzwa na mpira uliokaa kooni. Msusi aliporuhusiwa kuingia alimkuta hawezi hata kushika kijiko. Alimlisha. Kila alipofungua mdomo kuuliza, msusi aliujaza supu.

Bosi alimsubiri getini. Hawakuwa wamezungumza tangu mazishini.

"Amejua?"

"Bado. Daktari anasema sasa anaweza kuambiwa. Nimeshindwa."

"Nitamwambia mimi. Yule ni mama yetu. Wewe uliolewa tu."

Msusi aliumeza ule mfupa. Lakini usiku ule aliogopa, kwa maana alijua Bosi atasema nini, na alijua ni haki yake kukisema: ulipewa kitanda, mama akakosa. Asubuhi yake aliingia wodini nyuma ya wifi yake na chupa ya supu, kama mtu anayesindikiza hukumu.

Breki alimwona dada yake, akajaribu kutabasamu. Bosi alivuta kiti akakaa.

"Mama yuko wapi?" Breki aliuliza kabla hajasalimiwa. "Kila nikiomba simu naambiwa amelala. Mama hajawahi... kulala mchana."

"Mama amefariki," Bosi alisema.

 Kidole cha Breki kilianza kukwaruza shuka.

"Lini?"

"Ulipokuwa kwenye mashine. Alikuwa anapata nafuu. Alikuwa anachana nywele. Hakuteseka."

"Kwa ajili ya kitanda."

"Nini?"

"Kitanda kile. Kama angekwenda yeye..."

Kijiko cha msusi kilisimama juu ya bakuli. Ndiyo hiyo sasa. Bosi aliinua macho akamtazama wifi yake ng'ambo ya kitanda, akamtazama sana, na msusi hakuyakwepa macho yale. Alikuwa amekwisha kuwa tayari. Kisha Bosi akamwinamia mdogo wake.

"Hilo nilimuuliza daktari. Kwa mdomo wangu huu. Nikamwambia, mama angekuwa kwenye kitanda kile angepona? Akaniambia hapana. Damu iliganda ikapanda kwenye mapafu, na hata angelala kitanda cha rais, lingekuwa lile lile."

"Alisema hivyo?"

"Mimi ni mtu wa kupunjwa? Alisema hivyo."

Breki aligeuza kichwa taratibu juu ya mto. Katika maisha yote ya ndoa yao hakuwahi kumwamini mtu mwingine kuliko alivyomwamini huyu aliyeshika bakuli.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," mkewe alisema.

"Daktari alisema hivyo?"

Msusi alimwona yule binti amesimama juani, miwani mkononi, akikataa kudanganya.

"Alisema hivyo," akajibu.

Breki alifumba macho, akalia bila sauti, maana mapafu hayakuwa bado na pumzi ya kulia kwa sauti. Dada yake alimshika mkono wa kulia, mkewe wa kushoto, na muda wote aliolia wanawake wale wawili hawakuthubutu kutazamana.